Atome ya Nikeli na Salopeti ya Baba



Katika ukurasa huu tumezoea kuwaambia: vaeni kaske, vaeni mabote, msipite chini ya mzigo ulioning'inia. Maneno hayo ni ya kweli na tutayarudia. Lakini leo nina neno lingine, na najua kuko watu watakaocheka. Nataka kila baba afungue kaye ya mtoto wake pale penye somo la atome, akae naye, amwulize, amsikilize. Na nataka salopeti ya kazi isilale tena ndani ya nyumba ya watoto. Mambo hayo mawili yanaonekana hayana ujamaa. Nitawaonyesha kwamba ni jambo moja.

KOSA LANGU MWENYEWE

Mimi ni msaidizi wa munganga. Kazi hii nilijifunza katika masomo ya ufundi, na sasa imepita miaka zaidi ya kumi tangu nianze kushika sindano. Mtu akishika kazi muda mrefu, macho yake yanaona kile yalichozoea kuona. Hivyo ndivyo nilivyokosa.

Fundi mmoja wa karakana alikuja dispanseri akijikuna. Alikuwa na vipele vyenye majimaji kwenye mkono wa kushoto, na vingine chini ya kitovu. Usiku kuwashwa kulizidi. Nilimwangalia upesi, kwa sababu mstari wa wagonjwa ulikuwa mrefu, nikasema: huu ni upele. Nikampa dawa ya kupaka, nikamwambia mke na watoto wapake vilevile, na mablanketi yachemshwe. Baada ya majuma mawili akarudi. Nikampa dawa ileile. Akarudi mara ya tatu, na siku hiyo alikuwa na hasira.

— Munganga, dawa yako inaniunguza tu. Nyumbani hakuna mwingine anayejikuna. Mama watoto anasema ni mtu wa kazini amenifanyia kitu, kwa sababu nilipandishwa daraja.

— Baba, vumilia kidogo, nitaangalia tena.

Binti yake alikuwa amekaa kwenye benchi na mfuko wa masomo magotini. Kesho yake alikuwa na mtihani, naye alikuwa akirudia somo kwa sauti ndogo: “Nikeli, ishirini na nane. Mbili, nane, kumi na sita, mbili.” Aliponiona namtazama, akaniuliza kwa heshima:

— Baba munganga, mwalimu anasema zile mbili za mwisho zinatoka kwa urahisi. Zikitoka, nikeli inakuwa nini?

Nilitaka kumjibu kwamba mimi niko kazini. Lakini baba yake alikuwa amevua saa ili nione mkono vizuri, na saa ilikuwa mezani mbele yangu. Ngozi ilikuwa imeharibika kwa umbo la duara, sawasawa na mgongo wa saa ile. Nikamwomba afungue mkanda. Chini ya kitovu, jeraha lilikuwa pale pale chuma cha mkanda kilipogusa tumbo.

Mtoto alikuwa ameuliza swali, na jibu lilikuwa juu ya mkono wa baba yake. Nilimpeleka kwa munganga mkubwa, naye akasema wazi: si upele wa wadudu, wala si kitu cha kufanyiwa na mtu. Ngozi ya baba huyu inakataa nikeli. Aliacha saa ile, akabadilisha mkanda, akapewa dawa nyingine, na ngozi ikapona. Mimi nilimwomba msamaha mbele ya binti yake. Lile somo nililipata na mimi zamani, nikalipita katika mtihani, kiisha nikalisahau. Mgonjwa wangu ndiye aliyelipia usahaulifu huo kwa kujikuna karibu mwezi mzima.

JIRANI YA SHABA

Mtu wa Katanga hana haja ya kwenda mbali kuijua nikeli. Katika ile orodha kubwa ya elementi ambayo mwalimu anaitundika ukutani, tafuteni mstari huu: chuma ni nambari 26, kobalti 27, nikeli 28, shaba 29, zinki 30. Angalieni nani amekaa kati ya kobalti na shaba! Ni nikeli, upande mmoja inagusana na kobalti, upande wa pili na shaba.

Katika madini yetu ya kila siku nikeli ni kidogo, lakini iko. Huko Shinkolobwe, mahali palipojulikana duniani kwa uraniamu, mawe yalikuwa na nikeli na kobalti ndani yake. Mwaka 1945 jiwe moja jipya lenye nikeli na kiberiti liliandikwa katika vitabu vya wajuzi wa mawe. Lilitoka Kasompi, katika Katanga hii, na likaitwa vaesite, kwa jina la Johannes Vaes, mjuzi wa mawe wa kampani ya Union Minière. Nje ya mipaka yetu, Burundi wana nikeli kule Musongati, na Tanzania wana ya Kabanga.

Nikeli yenyewe ni metali nyeupe inayong'aa, yenye rangi ya manjano kidogo sana. Ni nzito: sentimeta moja ya ujazo ina uzito wa gramu 8,9, karibu sawa na shaba. Shaba inayeyuka kwenye digrii 1085. Nikeli inangoja mpaka digrii 1455. Inafulika bila kupasuka, inavutwa kuwa waya. Haishikwi na kutu kama chuma, kwa sababu juu yake kunajitengeneza ngozi nyembamba inayoilinda. Na sumaku inaivuta, kama inavyovuta chuma na kobalti, mpaka ipate moto wa digrii 350 na kitu. Hapo nguvu ile inapotea.

Kwa sababu ya tabia hizo, watu wameiingiza kila mahali. Zile pesa za tundu za wakati wa Wabelgi, nyingi zilikuwa shaba iliyochanganywa na nikeli. Sufuria na vijiko visivyoshika kutu mara nyingi vina kromu 18 na nikeli 8 katika kila sehemu 100. Saa, herini, zipu, vifungo vya suruali, funguo, miwani, batri za namna fulani: nikeli inaweza kuwa humo. Siku hizi inatiwa pamoja na kobalti katika batri nyingi za motokari za umeme. Basi anayesema “sisi ni watu wa shaba, nikeli inatuhusu nini?” ajipapase mifukoni kwanza.

KAMBI YA ELEKTRONI

Sasa twende kwenye kaye ya mtoto.

Atome ni kipande kidogo kabisa cha metali ambacho bado ni metali ile. Udogo wake hauelezeki kwa jicho: katika milimeta moja unaweza kupanga atome za nikeli kama milioni 4, moja kando ya nyingine. Gramu moja ya nikeli ina atome ambazo hesabu yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 22.

Katikati ya atome kuna kiini. Ndani ya kiini cha nikeli kuna protoni 28, na hiyo ndiyo nambari yake. Ukiongeza protoni moja, si nikeli tena, ni shaba. Ukipunguza moja, ni kobalti. Pamoja na protoni kuna neutroni, ambazo hesabu yake inaweza kubadilika: katika atome 100 za nikeli, kama 68 zina neutroni 30, na kama 26 zina neutroni 32. Kobalti ya asili, yenyewe, daima ina neutroni 32. Kwa hiyo atome ya kobalti ni nzito kidogo kupita ile ya nikeli kwa wastani, 58,93 mbele ya 58,69, hata ingawa nambari yake ni ndogo. Watoto, mkiulizwa katika mtihani kwa nini kobalti inatangulia, jibuni: kwa sababu mpango unafuata protoni, haufuati uzito.

Nje ya kiini kuna elektroni 28. Fikirini kambi yetu yenye mistari ya nyumba. Mstari wa kwanza una nafasi mbili tu, zimejaa. Mstari wa pili una nafasi nane, zimejaa. Mstari wa tatu una nafasi kumi na nane, lakini nikeli imeweka wakaaji kumi na sita. Kiisha, nje kabisa, karibu na barabara, kuna wawili. 2, 8, 16, 2: hiyo ndiyo nikeli. Kobalti ni 2, 8, 15, 2. Shaba ni 2, 8, 18, 1. Walimu wa chuo kikubwa watasema kwamba elektroni hazikai kwa mistari, zinatanda kama wingu. Ni kweli. Lakini mfano wa kambi unatosha kutufikisha tunakokwenda.

Wale wawili wa barabarani ndio wenye habari. Hawashikwi sana na kiini, wanatoka kwa urahisi. Katika kipande cha metali wanatembea huku na huku, na ndiyo maana metali inapitisha umeme. Lakini nikeli ikikutana na jasho, ambalo ni maji yenye chumvi, baadhi ya atome zinaacha wale wawili na kuyeyuka ndani ya jasho. Atome iliyopoteza elektroni inaitwa ioni. Hiyo si metali ya kung'aa tena, nayo inapita ndani ya ngozi.

Huko ndani ioni inashikamana na vitu vya mwili wetu, na walinzi wa mwili wanaviona vimebadilika. Kwa watu wengi walinzi wananyamaza. Kwa wengine wanakasirika, na wakishakasirika hawasahau maisha yote. Kila mara nikeli ikirudi, baada ya siku moja au mbili ngozi inavimba, inatoa majimaji, inawasha. Ugonjwa huu hauambukizi. Hauna dawa ya kuumaliza kabisa. Dawa yake kubwa ni kuepuka. Wanawake wanaupata kupita wanaume, hasa kwa sababu ya kutoboa masikio na kuvaa herini za bei ndogo. Nchi za Ulaya zilijua hivyo na mwaka 1994 ziliweka sheria ya kupunguza nikeli inayotoka katika vitu vinavyogusa ngozi.

Angalieni, basi: “2, 8, 16, 2” si wimbo wa kasuku. Ni sababu ya mkono wa yule fundi.

JINA LA SHETANI

Kuko jambo moja la zamani ambalo nalipenda, kwa sababu linafanana na mambo yetu.

Katika nchi ya Ujerumani, upande wa Saxony, wachimbaji wa zamani walikuwa wakipata jiwe lenye rangi nyekundu kama ya shaba. Walilichoma ili kutoa shaba. Shaba haikutoka hata kidogo. Ulitoka moshi uliowagonjwesha. Wakasema: kuna pepo mbaya wa shimoni aliyeiroga shaba yetu. Jiwe wakaliita Kupfernickel, yaani shaba ya Nickel, na Nickel ni jina walilompa pepo huyo. Jina la kobalti nalo linatoka kwa kobold, pepo mwingine wa shimo wa watu walewale.

Mwaka 1751 mtu wa Sweden, Axel Fredrik Cronstedt, alichunguza jiwe la namna hiyo na kutoa ndani yake metali mpya. Hakukuwa na pepo. Kulikuwa na metali isiyojulikana bado, na pamoja nayo kulikuwa na arseniki, sumu kali. Moshi wa arseniki ndio uliowaumiza wachimbaji. Cronstedt alilifupisha lile jina, na mpaka leo metali inabeba jina la pepo asiye na kosa.

Sisi je? Mfanyakazi anakohoa miezi mitatu, jirani anasema ni bulozi. Mwingine anabanwa kifua kila siku ya kazi na kupumua vizuri siku ya mapumziko, anauza redio yake ili alipe mtu wa kumwondolea kitu. Siwacheki. Wachimbaji wa Saxony walikuwa watu wenye akili. Walichokosa ni kujua kilicho ndani ya jiwe. Lakini wao hawakuwa na mwalimu wa kuwaeleza. Sisi tunaye, na mtoto wetu analeta maneno yake nyumbani kila mangaribi, na sisi tunamwambia: “Nenda kuchota maji.”

KITU KIMOJA, SURA MBALIMBALI

Watu wananiuliza: kama nikeli ni mbaya, mbona tunapikia katika sufuria yake? Swali ni zuri. Jibu ni kwamba lazima kuangalia sura ambayo nikeli imevaa.

Sura ya kwanza ni metali ngumu iliyochanganywa vizuri na chuma na kromu. Humo atome zimeshikwa. Pikeni bukari yenu bila hofu.

Sura ya pili ni ioni katika jasho au katika maji. Chumvi za nikeli zinageuza maji kuwa ya kijani. Hizo zinatumika pale wanapopaka metali nyingine ngozi ya nikeli kwa umeme. Anayeshika maji hayo bila kuvaa mifuko ya mikono anatafuta kidonda.

Sura ya tatu ni vumbi na moshi. Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Vumbi linaloonekana kwa macho, mara nyingi pua inalishika. Vumbi dogo mno, lisiloonekana, linapita pua, linapita koo, linafika chini kabisa ya mapafu. Yule anayeunga kwa moto vyuma visivyoshika kutu anapumua moshi wenye nikeli na kromu. Kule Clydach, katika nchi ya Wales, kiwanda cha kusafisha nikeli kilianza mwaka 1902. Kwa miaka mingi wafanyakazi wake walipata kansa ya mapafu na ya pua kupita watu wengine, na mwaka 1958 munganga Richard Doll aliandika hesabu yao waziwazi. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, lenye makao yake Lyon, lilitangaza kwamba misombo ya nikeli inaleta kansa kwa watu. Lakini sikilizeni na upande wa pili wa habari: namna ya kufanya kazi ilipobadilishwa, na vumbi likapunguzwa, wale walioingia Clydach baada ya mwaka 1930 hawakupatwa tena kama wenzao wa kwanza. Metali ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni vumbi.

Sura ya nne ni gazi. Ludwig Mond na wenzake walitangaza mwaka 1890 kwamba nikeli ikikutana na gazi ya moshi wa makaa katika joto dogo, la digrii kama 50, inaungana nayo na kuwa kitu kinachoruka hewani. Kwa njia hiyo walisafisha nikeli vizuri sana. Lakini kitu hicho ni sumu ya kuua. Mtu akikipumua anaweza kujisikia afadhali kwa masaa, kiisha mapafu yanajaa maji. Hapa kwetu hatusafishi nikeli kwa njia hiyo. Nimeileta ili muone jambo: atome ni ileile, protoni 28, lakini ndani ya kijiko inakulisha, na katika gazi inakuua. Anayejua jina la kitu tu hajajua kitu. Lazima ajue kimekaa namna gani.

SASA TUSEME JUU YA SALOPETI

Wengi wetu hatufanyi kazi na nikeli yenyewe. Lakini vumbi letu lina ndugu zake. Kobalti, ile jirani ya nambari 27, inaweza kuwasha ngozi vilevile, na ikipumuliwa inaweza kuleta pumu. Vumbi la mawe yenye kwazi linafunga mapafu polepole kwa miaka mingi, na mapafu yaliyofungwa hayafunguki. Njia ya ulinzi ni moja kwa hizo zote.

Mfanyakazi anatoka kazini saa kumi. Salopeti ni ya kijivu kwa vumbi. Anapanda lori hivyo hivyo, anafika nyumbani, mtoto mdogo anamkimbilia na kumkumbatia magoti. Anaikung'uta salopeti mlangoni, upepo unarudisha vumbi ndani. Kiisha anaitundika nyuma ya mlango wa chumba wanamolala watoto. Siku ya kufua, mama anaitia katika karai moja na nguo za kitoto kichanga.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa wakisema juu ya adui wa karibu. Mimi nalichukua neno lao kama lilivyo, juu ya nguo. Haya si mawazo ya kutisha watu. Mwaka 1965 waganga wa London waliandika juu ya wagonjwa wa kansa ya ngozi ya mapafu iletwayo na amyanti. Kati yao walikuwamo wanawake ambao hawakufanya kazi kiwandani hata siku moja. Kazi yao ilikuwa kufua nguo za waume zao. Amyanti si nikeli wala kobalti, nayo ina ubaya wake peke yake. Lakini njia ni ileile: kiwanda, nguo, karai, pua ya mama.

WANAONIPINGA

Wa kwanza anasema: “Baba yangu alifanya kazi miaka thelathini bila maneno haya, akazeeka.” Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mimi nilipozunguka katika wodi niliwaona pia wale ambao hawakuzeeka. Hao hawapo kwenye kilabu leo kutoa ushuhuda.

Wa pili anasema: “Atome ni maneno ya watoto, mimi sikufika sekondari.” Ndugu, wewe unajua kusikiliza paa la shimo kwa kuligonga, na unajua kwa mlio wake kama litaanguka. Mtu anayejua hivyo hawezi kushindwa kuhesabu wakaaji 28 katika mistari minne. Na kama ukikosa, mtoto atakusahihisha. Haitakuwa haya. Mtoto aliyemfundisha baba yake jambo moja hatalisahau maisha yote.

Wa tatu ana haki kupita wote. Anasema: “Munganga, unaniambia nivue salopeti kazini. Nitaivulia wapi? Bafu lina bomba mbili kwa watu mia, na maji yanakatika. Nina salopeti moja tu. Ikibaki kazini ikiwa na majimaji, kesho nitavaa nini?” Hapo sina la kumshinda. Tukimwambia mfanyakazi ajilinde bila kumpa maji, tunampa maneno tu. Kwa hiyo sehemu ya maombi yangu inawaendea wakubwa wa kazi.

NINACHOOMBA

Kwa wakubwa: kila mfanyakazi wa mahali penye vumbi awe na salopeti mbili, na sanduku lenye vyumba viwili, kimoja cha nguo za kazi, kimoja cha nguo za nyumbani. Maji ya kuoga yatoshe watu wa zamu nzima. Nguo za kazi zifuliwe kazini. Bei yake inahesabika. Bei ya pumu ya mtu mmoja kwa miaka ishirini inahesabika pia, na ni kubwa kupita ile.

Kwa wafanyakazi: pale penye vumbi, maji yamwagwe kabla ya kufagia. Msijikung'ute kwa hewa ya kompresa. Inasukuma vumbi ndani ya ngozi na ndani ya pua ya mwenzako. Wanaounga vyuma wasifanye kazi mahali pamefungwa bila hewa, na maske ivaliwe usoni, isining'inie shingoni. Msile na mikono ya kazi. Anayebanwa kifua, au mwenye vipele visivyopona, aje dispanseri na aseme anafanya kazi gani, anashika nini. Na mimi naahidi kuuliza, maana siku ile sikuuliza.

Kwa mama: mpaka mambo ya kazini yatengenezwe, salopeti ibaki nje ya nyumba. Ilowekeni kabla ya kuifikicha, msiikung'ute ikiwa kavu, na msiichanganye na nguo za watoto. Karai yake iwe yake. Mwenye sikio linalotoa majimaji aondoe herini kwanza kabla ya kununua dawa. Msidanganywe na sumaku: pesa ya shaba na nikeli haivutwi, na bado nikeli imo.

Kwa watoto wa masomo: baba akirudi na kuoga, mwonyesheni kaye. Mwulizeni: “Baba, leo umeshika nini kazini?” Kiisha tafuteni pamoja katika ile orodha, nambari ngapi, wakaaji wangapi, wangapi wako karibu na barabara.

Yule binti alipita mtihani wake. Baba yake alikuja kuniambia mwenyewe, mkono ukiwa safi, bila saa. Alisema sasa anaangalia saa kwa wenzake, na kila anayemwuliza saa yake imekwenda wapi anamjibu: “Mbili, nane, kumi na sita, mbili.” Wanamcheka. Lakini wawili kati ya waliocheka wamekwisha kuja kunionyesha ngozi yao.